Spea Isiyo na Upepo

Kila aliyepoteza kazi kwenye kompyuta ameisikia hii: "Si ungeweka bakapu?" Ni kama "si ungebeba mwavuli," na anayeambiwa tayari amelowa. Nami nasema weka bakapu, tena leo. Lakini swali hilo lina ujanja ndani yake. Linamgeuza aliyeumia kuwa mshtakiwa, na yule aliyeuza ahadi ya kuokoa anaenda zake bila kuulizwa chochote.

Ahadi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 2000, Windows Me ilileta kipengele cha kurudisha mfumo ulivyokuwa kabla ya kuharibika. Siku hizi kuna zaidi: kipande cha diski kilichofichwa, chenye vifaa vya kufufua mashine ikikataa kuwaka, na njia ya kuanza upya kabisa. Ukisoma maelezo yake unalala usingizi mzuri.

Sasa angalia rekodi. Tarehe 9 Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10, KB5034441, la kuziba tundu la usalama kwenye mfumo huo wa kurejesha. Kwenye kompyuta nyingi likakataa kuingia, kwa sababu kile kipande cha diski hakikuwa na nafasi ya kutosha. Zilihitajika MB 250 zilizo wazi. Nani alikikata kikawa kidogo hivyo? Mara nyingi ni programu ya kuweka Windows yenyewe, si mama wa watu anayechapa risiti za duka lake. Na mama huyo aliona nini kwenye skrini? 0x80070643. Basi. Microsoft ikakiri kwamba hata namba hiyo haikuwa ile iliyokusudiwa. Dawa ikawa hii: fungua dirisha jeusi la amri, zima kipengele, punguza patishoni ya Windows kwa MB 250, futa kipande cha kurejesha, kisha ukiunde upya. Miezi kadhaa baadaye kampuni ikasema dawa ya kujiendesha haitakuja.

Mpe shosho hayo maagizo uone. Yaani mtu anaambiwa ajifanyie upasuaji, na kisu kikiteleza, tutamuuliza: si ungeweka bakapu?

Oktoba 2025 ikawa kichekesho. Sasisho la Windows 11 lililotoka tarehe 14, KB5066835, lilifanya kibodi na mausi za USB zigome ndani ya mazingira ya kurejesha. Ndani ya Windows ya kawaida zilifanya kazi vizuri. Zilikufa pale tu ulipozihitaji: skrini inakwambia uchague, na huna cha kuchagulia. Marekebisho yalikuja tarehe 20. Na tarehe hiyo hiyo 14 ndiyo siku huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipofika mwisho, watu wakihimizwa wahamie 11.

Najua utetezi. Kompyuta ni za kila aina, wahandisi ni binadamu, makosa hutokea. Kweli kabisa. Lakini kosa likigusa menyu ya kuanzia, sote tunaliona asubuhi na kelele zinapigwa. Likigusa mfumo wa kurejesha, wengi hawalijui mpaka mashine ife, na siku hiyo kila mtu yuko peke yake na msiba wake. Ndiyo maana sehemu hii inastahili kupimwa kuliko nyingine yoyote. Matatu ikipata pancha usiku njia ya Naivasha, halafu spea haina upepo, hakuna abiria anayemlaumu mwenzake kwa kutobeba pampu. Tunamgeukia mwenye gari.

Kwetu mambo ni magumu zaidi. Laptopu nyingi tunazonunua mjini ni za mkono wa pili, zilizofutwa na kuwekewa Windows upya na mtu tusiyemjua. Kipande cha kurejesha huenda kipo, huenda kilifutwa ili kupata nafasi. Ukitaka njia mbadala, kupakua Windows upya kutoka intaneti, Microsoft yenyewe inasema inaweza kula zaidi ya GB 4. Hiyo ni bando ya nani? Kwa mwandishi wa vibarua kama mimi, laptopu ndiyo jembe. Ikigoma siku tatu, imekula kodi ya nyumba.

Kwa hivyo tupunguze kuulizana kuhusu bakapu, tuanze kuuliza maswali dukani. Kabla hujatuma M-Pesa, mwambie muuzaji afungue dirisha la amri kama msimamizi, aandike reagentc /info. Ikisema Disabled, mfumo wa kurejesha umezimwa. Aurekebishe ukiwa hapo hapo. Halafu shikilia Shift ukibonyeza Restart, uone kama yale mazingira yanafunguka na kama kibodi inaitika. Ni dakika chache tu. Akikasirika, ana sababu zake. Nenda duka la pili.

Na nyinyi mnaotengeneza: kila mwezi mnatuletea sasisho tukitaka tusitaka. Basi kila mwezi, kabla halijatufikia, ueni mashine moja kwa makusudi na muifufue kwa vifaa vile vile mlivyotupa sisi. Mkishindwa, msitutumie. Nyinyi ndio mnaopaswa kujua kwanza, si mimi saa nane usiku, kazi ikingojwa asubuhi.