Anemoni Mbali na Bahari



Dada yetu aliyeolewa Matiliku, kaunti ya Makueni, ametuletea swali. Mwanawe wa miaka 11 alimwona anemoni mwambani alipokuja Pwani kwa bibi yake, na sasa amekwisha kununuliwa tangi la kioo. Je, kiumbe huyo aweza kufugwa huko bara, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini?

Anemoni si ua, ijapokuwa hupepea majini kama ua. Ni mnyama, jamaa ya matumbawe na yavuyavu. Mikono yake ina sumu ya kunasia windo, na bado kuna samaki wadogo wenye mikanda myeupe wanaojificha humo bila kudhurika. Wengi wa anemoni wa miamba yetu hubeba mwilini chembe za mwani zinazogeuza mwanga wa jua kuwa chakula. Mwanga ukipungua au joto likizidi, chembe hizo hutoka naye akabaki mweupe, kama yalivyogeuka matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998.

Mtihani mkubwa ni maji. Wakaazi wa Makueni wavijua visima vya maji ya chumvi, na mtu aweza kudhani hayo yatafaa. Hayafai, kwani madini yake hayana mizani ya bahari. Chumvi ya jikoni nayo haitoshi. Huhitajika chumvi maalumu ya matangi ya bahari, takriban gramu 35 kwa kila lita. Tangi la lita 200 hula kilo 7, na sehemu ya maji hayo hubadilishwa mara kwa mara. Maji ya mvua yaliyoteremka juu ya mabati huweza kubeba zinki, nayo ni sumu kwa viumbe hawa. Kisha tangi husubiri miezi 6 au zaidi kabla ya kutiwa anemoni, hadi bakteria wanaovunja uchafu wakomae. Umeme ukikatika usiku kucha, pampu husimama na hewa hupungua majini. Anemoni akifa pasi na mtu kujua, huoza upesi na kuwaangamiza waliomo wote.

Huko Scotland, John Dalyell alimtoa anemoni baharini mwaka 1828 akamweka katika chombo cha kioo. Aliishi hadi 1887, miaka mingi baada ya Dalyell mwenyewe kufariki. Lakini huyo alikuwa wa aina isiyotegemea mwanga, na bahari ilikuwa karibu.

Kiumbe mwenye umri kama huo kumfia mtoto ndani ya miezi mitatu si jambo dogo. Kisa cha mwanamke aliyemfungia paka twakijua sote. Kwa maoni yangu, dada, usimlete anemoni Matiliku kwa sasa.

Tangi lisitupwe. Mwanao na aanze na samaki wa maji baridi, ajifunze kupima joto, kulisha kwa kiasi na kubadilisha maji kwa siku zake. Likizo ikifika, mlete kwa bibi yake wakati wa bamvua, maji yapwapo, afuatane na mtu mzima anayeujua mwamba. Avae viatu, asikanyage matumbawe, na asimng'oe anemoni yeyote. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968, hilo ni kosa kisheria.