Jiko la mkaa lisilale na watoto

Kipupwe kimeingia Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13, upepo wa vumbi juu yake. Ndipo baadhi ya wazazi huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga madirisha na kulala. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi, ndio unaodanganya zaidi: gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo. Blanketi, soksi na kofia vinatosha, hata vikiwa vya mtumba.

Kikohozi nacho kisipuuzwe. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, afikishwe zahanati siku hiyo hiyo.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Vyema. Ila gesi ya kupikia haimpashi joto mtoto anayelala sakafuni katika wilaya za Bahi au Chamwino. Halmashauri zikague mabweni ya shule wiki hii, zikianza na madirisha yaliyovunjika vioo.