Chora Babula Kabla ya Kununua Udongo



Kikundi kikiamua kutengeneza babula za udongo kwa kuuza, mara nyingi kinaanza kwa kuchanga feza, halafu kinanunua udongo na kumwita fundi. Vipimo vinakuja mwisho, tena kwa mikono: "Upana uwe hivi." Ndiyo maana babula ya kwanza na ya kumi hazifanani, wavu wa moja hauingii katika nyingine, na akiba ya kikundi inapotea bure. Juma hili tuone namna ya kuichora babula nzima katika ordinatere kabla ya kutoa hata franka moja.

Programu tutakayotumia inaitwa FreeCAD. Hailipiwi, inaweza kuwekwa kwa Kifaransa, na ikiisha kuingizwa katika ordinatere haihitaji intaneti. Binti yako anayesoma ataizoea upesi. Keti naye, maana yeye anajua ordinatere na wewe unajua jiko.

Haikuombi uwe hodari wa kuchora. Inakupa maumbo ya msingi yaliyo tayari: sanduku, silinda, tufe, koni na pete. Wewe unaandika vipimo tu. Kisha unaweza kuunganisha maumbo mawili yawe kitu kimoja, au kutumia umbo moja kukata lingine, kama vile kikombe kinavyokata unga wa mandazi uliosukumwa.

Tuchore babula ya upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 25.

1. Weka silinda kubwa. Angalieni hapa: programu inahesabu kwa milimita, na kwa silinda inauliza kipimo cha toka katikati mpaka ukingoni, si upana wote. Kwa hiyo andika 150, na kimo 250. Ukiandika 300, utapata babula ya sentimeta 60!

2. Weka silinda ya pili, yenye upana wa sentimeta 20, ianzie sentimeta 13 toka chini. Ipite kidogo juu ya ukingo, ili ikate vizuri. Kata. Hapo ndipo makala yatakaa.

3. Weka silinda ya tatu, yenye upana wa sentimeta 16, toka sentimeta 5 mpaka 13. Kata. Kwa kuwa ni nyembamba kuliko ile ya juu, inaacha ngazi ndogo ndani. Wavu utalala juu ya ngazi hiyo, na majivu yataanguka chini.

4. Weka sanduku lenye upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 6, lianzie sentimeta 5 toka chini, lipenye ukuta wa mbele mpaka ndani. Kata. Huo ndio mlango wa hewa na wa kutolea majivu.

5. Weka visanduku vitatu vidogo ukingoni, kila kimoja kiingie kidogo ndani ya udongo. Unganisha. Ni mafiga matatu ya kushikilia sufuria, ili hewa ipite chini yake.

Sasa faida iko wapi? Babula hii inakula karibu lita 12 za udongo. Babula 20 ni lita 240, yaani bidoni 12 za lita 20. Mkipunguza upana wa nje kuwa sentimeta 28 bila kugusa ndani, kila moja inakula kama lita 9 na nusu, na kazi yote inabaki karibu bidoni 10. Mmeokoa bidoni mbili kwa kubadili vipimo vichache. Lakini ukuta mwembamba hupoteza moto zaidi na hupasuka kwa urahisi, basi mshauriane kabla ya kuchagua.

Mchoro hauondoi akili ya mfinyanzi. Udongo hujikunja ukikauka na ukichomwa, na kila udongo una tabia yake. Mchoro ni kipimo cha babula iliyokwisha kuiva. Mwulizeni fundi aongeze kiasi gani kwa udongo mbichi, na atengeneze moja ya kujaribu kwanza.

Kisha chapisheni karatasi mbili zenye vipimo vyote: moja kwa fundi, moja ibaki kwa mtunza feza. Siku ya kupokea kazi, mje na rula. Kikundi chenye karatasi hakibishani na fundi kwa maneno matupu. Kinapima, halafu kinalipa.

Kazi ya juma hili: kila mama apime upana wa chini wa sufuria anayotumia zaidi nyumbani, alete kipimo hicho mkutanoni. Babula huanzia kwenye sufuria.