Jina Jipya, Baba Yule Yule

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alitufikia katika ofisi ya msikiti akiwa na riwaya aliyoikuta chini ya mto wa binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne. Alitaka kamati iipige marufuku, na ikiwezekana khatibu aitaje Ijumaa. Tulimwomba atuachie kwanza. Tukaisoma kwa siku mbili, na tunakiri kwamba siku ya pili tulilala usiku wa manane.

Ni hadithi ya msichana anayetoroka kwao, akajipa jina jingine katika mji wa mbali, akapendwa na kijana asiyejua lolote, huku mtu wa zamani akimsaka. Inaishia harusini. Machafu hayamo. Kilichotushughulisha ni hiyo harusi: hakuna aliyeuliza bibi arusi ni binti wa nani. Lau wangefika kwetu, hadithi ingekwama mezani pa katibu, kwani tungemuuliza walii wake, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inadai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa.

Mama yule aliporejea, tulimsimulia kisa cha kweli cha namna hiyo, maana kipo, na ni cha kwetu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Kuandika alijifunza kwa siri, akiiga herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Akiwa mjini alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akapata mimba. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, akabatizwa na kuolewa, akawa Emily Ruete.

Riwaya ingeishia hapo. Yeye maisha yake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, naye akabaki mjane asiyefikisha miaka 26, mwenye watoto watatu, katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alijikimu kwa kufundisha Kiarabu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake, na karibu kitabu kizima ni Unguja: mama yake, ndugu zake, sikukuu za nyumbani. Aliyebadili jina alitumia kurasa zote hizo kueleza alikuwa binti wa nani.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, dola ile ile iliyokuja kujenga boma hapa Arusha. Serikali ya Bismarck ilikuwa na shabaha zake, naye alikuwa chombo tu. Sayyid Barghash, kaka yake, alikataa kumpokea na akakataa madai yake ya mirathi. Katika mirathi ya ndugu waliofariki baada ya yeye kutoka katika Uislamu, fiqhi ilikuwa upande wa Barghash, na hatuoni haya kulisema. Lakini kumpokea dada ni jambo jingine. Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) alijiwa na mama yake akiwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume (S.A.W.) afanyeje, naye akamwamuru aunge udugu na mama yake. Kwa hapo tunaona Barghash hakuwa na hoja, hata tukizikumbuka zile manowari zilizotia nanga mbele ya kasri lake.

Mlango huu unatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Kutoka vijiji vya miteremko ya Meru hutujia watu wanaotaka kusilimu, na wengi huamini kwamba ni lazima waache jina la ukoo. Sivyo. Suratul Ahzab imeamrisha watu wanasibishwe na baba zao, na Zayd aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Aliyezaliwa Kaaya au Pallangyo akisilimu hubaki Kaaya au Pallangyo. Akijichagulia jina zuri la mwanzo, vyema. Bali asimfiche babake Mlutheri, na Idi ikifika aende kumsalimu.

Bibi Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924. Inasimuliwa kuwa alizikwa na kifuko cha mchanga wa Unguja. Mwanawe alikwisha kujiita Rudolph Said-Ruete, akilirudisha jina la babu.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akaitia riwaya mkobani. Alisema ataizungumza na binti yake wakiwa jikoni, si mbele ya babake. Jumatatu binti akatuma mdogo wake na kikaratasi: anauliza kama kuna ndugu hata mmoja aliyemwita tena Salme, na kama kile kitabu chake tunacho msikitini. Hatunacho. Tumeanza kukitafuta.