Kalipa nyekundu hazitakuokoa, buda

Ukipita Umoja au Donholm Jumapili asubuhi utawaona. Subaru iko juu ya jeki, tairi zimelazwa chini, na vijana wanne wamechuchumaa wakitazama kalipa mpya za breki kama watu waliokuja kuona mtoto. Zimepakwa rangi nyekundu. Kila mtu ametoa simu apige picha. Hakuna anayeuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini.

Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wa hao wanne.

Binamu yangu alitaka kuingia autokrosi. Akanunua kalipa za pistoni nne, ex-Japan, kwa pesa ambazo zingelipa kodi ya nyumba miezi mitatu. Rimu zake za inchi 15 zikakataa kuzimeza, ikabidi atafute za 16. Hapo doo ikaisha. Fundi akajazia mafuta ya breki kutoka kwa chupa iliyokaa kwenye rafu wazi, sijui tangu lini.

Wiki hiyo tukaenda Naivasha kutazama Safari Rally. Tukiteremka kuelekea Mai Mahiu, watu watano ndani, pedali ikaanza kulainika. Kisha ikazama hadi chini. Alikanyaga tena na tena, akashusha gia, akavuta handibreki polepole, tukasimama kando ya barabara huku breki zikinuka. Hakuna aliyeongea. Kalipa zilikuwa bado nyekundu.

Sasa sikia kilichotufanyia hivyo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. DOT 3 hutoka 205 hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, unabana mvuke, pistoni hazisukumwi. Ziwe mbili au sita, ni kazi bure.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, lakini kuna hesabu moja nilitoka nayo: ukiongeza kasi mara mbili, kazi ya breki inakuwa mara nne. Kazi hiyo yote inageuka joto. Kwa hivyo sisemi breki kubwa ni upuzi. Zinabeba joto vizuri ukizikanyaga mzunguko baada ya mzunguko. Lakini kinachosimamisha gari ni tairi kushika barabara. Kama breki ulizo nazo tayari zinaweza kufunga magurudumu, kalipa kubwa haitakusimamisha mapema kwa tairi zilizoisha. Na ukibadilisha za mbele peke yake bila hesabu, unavuruga mizani ya gari zima.

Tulipofika Naivasha, magari ya Rally1 yalinifunza adabu. Kwenye vumbi yanatumia diski za milimita 300. Subaru STI ya barabarani yenye Brembo ina diski za mbele za milimita 326. Yaani anayepigania ubingwa wa dunia ana diski ndogo kuliko jamaa wa Buru anayeenda supermarket!

Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia vijana wakisema sheria za mashindano zimewekwa kutuzuia sisi wa mtaa. Angalia sheria za FIA za Kundi N. Aina ya padi unachagua mwenyewe, kalipa zinabaki za kiwandani. Pia mfumo wa breki lazima uwe na njia mbili, moja ikivuja pedali bado isimamishe angalau magurudumu mawili. Sheria kama hizo zinalinda shingo yako, na pia mfuko wako.

Ombi langu kwa klabu zetu na Kenya Motor Sports Federation: wekeni daraja la wanaoanza ambapo kalipa ni za kiwandani, padi na mafuta ni hiari. Kijana wa Umoja apimwe kwa mguu wake, asipimwe kwa pochi ya babake.

Na wewe mwenye Subaru, anza hivi. Mafuta mapya ya DOT 4, kutoka kwa chupa iliyofunguliwa mbele yako. Padi nzuri. Tairi zenye meno. Halafu nenda mahali ambapo mtu atakagua gari kabla hujaliondoa, maana Outering saa nane usiku haina mkaguzi, ina mama mboga anayerudi kutoka sokoni.

Ukibakisha pesa baada ya hapo, paka kalipa rangi yoyote unayotaka. Binamu yangu aliziuza. Siku hizi akipigiwa simu kuhusu gari, swali lake la kwanza ni moja: mafuta ya breki ulibadilisha lini?