UPOLE SI BIMA



Wako wanaosema hapa Butimba kwamba mbunge mpole haanguki, maana hana maadui. Uongo mtupu! Tazameni habari za marehemu Paul Bomani. TANU ilipopigwa marufuku huku Ziwani, yeye aliwaunganisha wakulima wa pamba katika Victoria Federation mwaka 1955, wapate kujikinga na mizani ya udanganyifu ya wanunuzi. Hakupiga kelele, alijenga. Akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha.

Je, sifa hizo zilimlinda? Hata kidogo! Mwaka 1965, kwa alama za jembe na nyumba, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha.

Kisha Rais akamteua kuwa mbunge, akabaki waziri. Hapo ndipo nabisha. Alifaa, sikatai. Lakini aliyetolewa kwa mlango wa kura asirudishwe kwa dirisha la uteuzi. Mkulima akiona kura yake haina nguvu, uchaguzi ujao atabaki shambani.

Wabunge wetu, rudini vijijini sasa! Sifa za jana hazilipi deni la leo.