MAHARI NI MALI YA MKE

Ndugu Waislamu wa Matwebe, na Rungwe nzima, leo twasema nanyi habari ya talaka. Wako waume ambao wakimwacha mke, kesho yake hutuma wazee kwa baba mkwe kudai mahari irudi. Hayo tumeyatoa katika mila yetu ya Kinyakyusa: ng'ombe waliingia zizini kwa baba wa binti, na ndoa ikivunjika walidaiwa. Hatuitukani mila. Lakini aliyeoa kwa Kiislamu mahari hakumpa baba, alimpa mke, na Kurani yamkataza anayeacha kumnyang'anya mke alichompa, hata kiwe kingi namna gani. Mahari hurudi mke mwenyewe akiomba kujivua kwa khului. Na talaka ikitoka kabla wawili hawajaingiliana, mke hupata nusu. Nayo mahari iliyoahidiwa isilipwe ni deni. Si hisani.

Tena wakati wa eda ya talaka rejea mke ana haki ya chakula na mahali pa kulala. Eda ikiisha, chakula hicho nacho kimekwisha. Ndiyo maana shauri kubwa ni shamba.

Nani apaliliaye migomba na kahawa, na kubeba ndizi mpaka sokoni? Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilipewa mwito wa Uhuru na Kazi. Je, kazi ya mke si kazi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, yairuhusu mahakama kugawa mali waliyoichuma wote wawili, ikitazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi.

Wengine husema hiyo ni sheria ya serikali, Waislamu haiwahusu. Si kweli. Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu walioana Kiislamu. Mahakama za chini zilimwambia Bi Hawa kuwa mke wa nyumbani hakuchangia kitu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikakata neno kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Yeye mwenyewe hakupata fungu, maana mahakama iliona ameharibu fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa jamaa. Hata hivyo wanawake wengi wamenufaika kwa shauri lake.

Basi dada zetu, msiondoke na bahasha ya talaka na furushi la nguo tu. Karatasi ya mume haigawi mali. Pelekeni shauri kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha Mahakama ya Mwanzo, mkiwa na cheti cha ndoa na majirani waliowaona mkilima.

Nanyi masheikh wetu, siku ya kufunga ndoa andikeni katika cheti mahari ni kiasi gani, kipi kimelipwa na kipi kimebaki, na bibi harusi asomewe kabla hajatia sahihi.